Uso wako ni wa nani? Kutoka kipande hadi simu yako

Leo hakuna vichekesho. Ile vidio mlikuwa mnaniuliza imeenda wapi, niliitoa mwenyewe, na posti hii ni ya kueleza kwa nini. Ni ndefu kidogo, kwa hivyo tafuta chai.

Ilikuwa msimu wa mvua. Nilikuwa Moi Avenue, karibu na Archives, nikielekea stage kushika mathree ya Kangemi. Maji yalikuwa yamejaa barabarani mpaka watu wanavua viatu. Mathe mmoja anayeuza mayai ya kuchemsha alikuwa anavuka na ndoo yake. Akateleza. Mayai yakatawanyika, kachumbari ikaelea, na yeye akakaa chini kwa maji kama sekunde tatu hivi akitazama tu. Simu ilikuwa mkononi tayari. Nilirekodi sekunde kumi na moja, nikaweka muziki wa kuchekesha, nikaandika juu yake: "Mashindano ya kuogelea, tao."

Asubuhi ilikuwa imetazamwa na watu zaidi ya laki tatu. Nilifurahi, sitadanganya. Nilikuwa nimengoja namba kama hizo miaka miwili. Halafu usiku wa pili ujumbe ukaingia inboksi kutoka kwa msichana nisiyemjua: "Sasa. Huyo ni mamangu. Niko form two. Klasi yetu sasa wananiita Mayai. Tafadhali itoe."

Niliitoa. Lakini mnajua vile hii mitandao iko. Kurasa zingine zilikuwa zimeshaichukua, zingine zikakata jina langu, na mpaka wa leo ukitafuta utaipata. Nilipowaambia mabeste, wote walinijibu kitu kimoja: "Bro, barabara ni ya umma. Hukuvunja sheria yoyote."

Hilo jibu lilinikaa vibaya. Kwani ni ukweli? Nikaanza kusoma. Nilidhani nitapata mstari mmoja wa sheria unaosema ndiyo au hapana. Nilichopata ni stori ya miaka zaidi ya mia moja, na sehemu kubwa ya hiyo stori imetokea kwa barabara hizi hizi tunazopita kila siku.

Kabla ya picha, kulikuwa na vidole

Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwasajili wanaume Waafrika. Vita vya Kwanza vya Dunia viliichelewesha, lakini kuanzia 1919 na 1920 ikaanza kutekelezwa. Kila mwanaume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alitakiwa abebe kipande. Ndani yake kulikuwa na jina lako, unakotoka, alama za vidole vyako, umeandikwa kazi na nani, mshahara wako, na kama mwajiri amekuruhusu kuondoka. Wengi walikibeba ndani ya kijisanduku cha chuma kilichoning'inia shingoni kwa kamba. Polisi akikusimamisha huna, ni kesi.

Mzungu hakubeba. Yaani taarifa za mwili wako hazikuwa zako. Zilichukuliwa bila kuulizwa, zikatumiwa kukufuata, na hukuwa na njia ya kuuliza zinaenda wapi. Nataka ukumbuke kipande mpaka mwisho wa hii posti, kwa sababu hapo ndipo swali la leo linaanzia: nani ana ruhusa ya kuchukua alama yako, na anaitumia kufanya nini?

Watu walikasirika. Harry Thuku, kijana aliyekuwa karani wa simu Nairobi, alianza kupinga kipande, kodi na kukatwa mishahara. Alikamatwa Machi 14, 1922. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi alikokuwa amefungiwa, pale karibu na hoteli ya Norfolk, ambapo leo barabara inaitwa Harry Thuku Road. Mary Muthoni Nyanjiru aliwachokoza wanaume waache woga, umati ukasonga mbele, na risasi zikaanza. Inasimuliwa kwamba hata masetla waliokuwa kwenye baraza ya hoteli walifyatua. Nyanjiru alikufa hapo.

Walikufa wangapi? Hesabu ya serikali ilikuwa watu ishirini na kidogo. Watu waliokuwepo walisema ni zaidi ya mara mbili ya hiyo. Mpaka leo wanahistoria wanataja namba zote mbili, kwa sababu hakuna kitu cha kumaliza ubishi. Hakuna aliyerekodi.

Sasa fikiria siku hiyo kama kila mtu kwenye ule umati angekuwa na simu.

Gunia lenye matundu mawili

Ruka mpaka Aprili 24, 1954. Kenya iko chini ya hali ya hatari, na Waingereza wanaanzisha operesheni waliyoiita Anvil. Jiji lote likazungukwa na askari, mtaa kwa mtaa, na Wakikuyu, Waembu na Wameru wakatolewa nyumbani na kwa kazi kwenda kukaguliwa. Zaidi ya watu 20,000 waliishia kizuizini.

Ukaguzi ulifanywa aje? Unapangwa kwa foleni. Mbele yako ameketi mtu aliyefunikwa gunia mwili mzima, na matundu ya macho tu. Watu waliwaita gakunia. Unapita mbele yake. Akitikisa kichwa, maisha yako yamebadilika. Hakuna wakili, hakuna swali, na hutawahi kujua ni nani aliyekutaja. Anaweza kuwa jirani unayemdai.

Yeye anakuona, wewe humuoni. Naona hiyo ndiyo picha bora ya nguvu isiyo sawa. Na haijaisha. Kwenye maandamano ya 2024 tuliona watu wenye bunduki, nguo za kawaida, kofia na barakoa usoni, wakishuka kwa magari yasiyo na namba. Mwaka huo huo Mahakama Kuu iliagiza kwamba polisi wanaoshughulikia maandamano wavae sare na wasifiche nyuso. Ilibidi jaji aseme hivyo miaka 70 baada ya gakunia.

Moi Avenue, Julai 5, 1969

Hii sehemu ilinishtua kwa sababu ni barabara ile ile. Wakati huo iliitwa Government Road. Jumamosi mchana, Tom Mboya, waziri wa mipango ya uchumi, mtu aliyesaidia mamia ya vijana kwenda kusoma Marekani, aliingia duka la dawa kununua kitu. Akitoka, akapigwa risasi. Alikuwa na miaka 38.

Mmoja wa wapiga picha wa kwanza kufika alikuwa Mohamed Amin. Mo alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na bado kijana akaanzisha kampuni yake, Camerapix. Siku hiyo alirekodi Mboya akikimbizwa hospitalini, watu wakijaribu kumwokoa. Zile filamu zilienda dunia nzima na zikampa Mo tuzo ya mpiga picha bora wa televisheni Uingereza. Ni huyo huyo aliyerekodi njaa ya Ethiopia kule Korem mwaka 1984, picha zilizofanya dunia itoe pesa. Alipoteza mkono Addis Ababa mwaka 1991 ghala la silaha lilipolipuka, na bado akarudi kazini. Alikufa 1996 kwenye ndege iliyotekwa ikaanguka baharini karibu na visiwa vya Komoro.

Je, Mo aliomba ruhusa ya Mboya? Hapana, na haingewezekana. Je, alikosea? Sidhani. Waziri ameuawa barabarani mchana, nchi nzima ina haki ya kujua, na kulikuwa na hatari ya kila mtu kuambiwa stori yake. Kitu hicho kina jina kwa sheria: maslahi ya umma.

Nikajiuliza swali gumu. Mo alisimama Government Road na kamera, mtu akiwa kwenye wakati mbaya zaidi wa maisha yake. Mimi nilisimama hapo hapo, miaka zaidi ya hamsini baadaye, na simu, mtu akiwa kwenye wakati wake mbaya. Tofauti yetu ni nini? Si kamera. Ni kwamba kifo cha Mboya kilikuwa kinatuhusu sote, na mathe kuteleza hakukumhusu mtu yeyote isipokuwa yeye mwenyewe na waliokuwa karibu kumsaidia. Umma haukuwa na maslahi yoyote pale. Mimi ndiye niliyekuwa nayo.

"Hapa hakupigwi picha"

Kila mtu ambaye amewahi kutoa kamera tao amesikia hiyo sentensi. Askari wa jengo, karao, hata msee wa kuegesha magari. Inatoka wapi?

Sehemu yake inatoka kwa Sheria ya Siri Rasmi ya mwaka 1968. Hiyo inakataza kupiga picha mahali palipokatazwa bila ruhusa ya msimamizi. Yaani kambi za jeshi na sehemu za usalama zilizotangazwa hivyo. Haisemi kwamba kila jengo lenye geti ni siri ya taifa. Lakini miaka mingi ya chama kimoja ilifundisha watu kuogopa kamera popote, na woga ukabaki hata sheria inaposema vingine.

Sehemu nyingine ni sheria ya filamu na michezo ya jukwaani, iliyoandikwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hiyo ilitaka mtu anayetengeneza filamu ya kuonyeshwa kwa umma apate leseni, na apeleke maelezo ya matukio na maneno yatakayosemwa. Wakati huo filamu ilikuwa malori ya vifaa kutoka ng'ambo. Lakini Mei 2018 Bodi ya Uainishaji wa Filamu ikatangaza kwamba hata vidio za mitandaoni zinazolenga umma zinahitaji leseni. Watu waliwaka. Yaani ukirekodi pilau ya shangazi ukaiweka mtandaoni, uende na maandishi ya vile shangazi atasema?

Na jengo la mtu binafsi je? Hapo mwenye jengo ana haki ya kuweka masharti. Ukiwa ndani ya mol Westlands na askari akakwambia uweke kamera chini, uko kwake. Ukiwa nje kwa barabara ya umma, hawezi kukuamuru. Anaweza kukuuliza kwa heshima, na wewe pia umjibu kwa heshima. Huyo ni mzazi wa mtu yuko kazini, hajatunga hiyo sheria.

Katiba ikaja na pande mbili

Agosti 27, 2010, Uhuru Park, Katiba mpya ikatiwa sahihi. Watu wengi wa rika letu walikuwa watoto. Ndani yake kuna vifungu viwili ambavyo tukivisoma kimoja kimoja tunakosea.

Kifungu cha 33 kinakupa uhuru wa kujieleza, kutafuta na kusambaza habari. Mabeste wangu walikuwa wanasimamia hapo bila kujua. Lakini kifungu hicho hicho, mwishoni, kinasema mtu anapotumia uhuru huo aheshimu haki na sifa za wengine. Na kifungu cha 31 kinampa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo habari za familia na mambo yake binafsi zisifichuliwe bila sababu. Kifungu cha 28 kinaongeza utu: kila mtu ana heshima ya asili na ina haki ya kulindwa. Hakuna mahali Katiba inasema heshima inabaki nyumbani ukishuka mathree.

Miaka michache baadaye pande hizo mbili ziligongana vibaya.

Septemba 21, 2013, magaidi walivamia Westgate, pale Westlands. Picha za ndani, zikiwemo za Tyler Hicks ambazo zilishinda tuzo ya Pulitzer, zilionyesha mama na watoto wamelala chini wakijificha. Baadaye kamera za usalama za jengo zilionyesha wanajeshi wakitoka na mifuko, na nchi ikaanza kuuliza maswali. Bila zile kamera, hatungeuliza.

Novemba 2014, katikati ya tao, wanaume walimvua mwanamke nguo wakidai amevaa vibaya, na wengine wakasimama wakirekodi. Hiyo vidio ilisambaa. Novemba 17 mamia ya wanawake waliandamana kutoka Uhuru Park wakisema nguo yangu, uamuzi wangu. Hapa kamera ilikuwa mambo mawili kwa wakati mmoja. Kwa waliorekodi wakicheka, ilikuwa njia ya kumvua mara ya pili. Kwa kesi nyingine ya mwaka huo, ya mwanamke aliyeshambuliwa ndani ya basi kule Githurai, vidio ilisaidia kuwafikisha wahusika mahakamani, na mwaka 2017 watatu walihukumiwa.

Kisha Desemba 2014 Bunge, kwa vurugu kubwa, likapitisha Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Usalama. Ndani ya sheria moja kulikuwa na vitu vinavyopingana. Kipengele kimoja kilifanya kumvua mtu nguo kwa nguvu kuwa kosa lenye kifungo kisichopungua miaka kumi. Kingine kilisema ukichapisha picha za waliokufa au kujeruhiwa zinazoweza kutia watu hofu, unaweza kupigwa faini ya hadi milioni tano au kifungo cha miaka mitatu.

Hicho cha pili kilionekana kama huruma kwa wafiwa. Lakini fikiria nani angeamua ni picha gani inatia hofu. Picha ya mtu aliyepigwa risasi na polisi inatia hofu, si ndiyo? Februari 23, 2015, majaji watano wa Mahakama Kuu walifuta vipengele vinane vya sheria hiyo, na hicho kikiwemo. Waliona ni kipana mno na kinaua uhuru wa habari.

Kwa hivyo, hapana, serikali haikupewa ruhusa ya kutumia heshima ya maiti kuficha ukweli. Lakini je, sisi wenyewe tuna heshima hiyo bila kulazimishwa? Jibu lilikuja Januari 15, 2019, Riverside Drive. Hoteli ya DusitD2 ilivamiwa, watu 21 wakauawa. Gazeti la New York Times lilichapisha picha ya watu waliokuwa wamekufa mezani, miili ikiwa imeinama juu ya laptopu zao. Wakenya tuliwavamia mtandaoni siku nzima, tukiuliza kama wangefanya hivyo kwa maiti za Wamarekani. Baraza la Vyombo vya Habari likawaandikia barua. Gazeti lilijitetea, picha haikutolewa.

Mimi nilikuwa kati ya waliotukana usiku ule. Nilisema: wale ni watu, wana mama zao. Nimerudi kusoma nilichoandika, na imeniuma.

Ngong Road na Uthiru

Novemba 2019 ikaja sheria ambayo watengeneza maudhui wengi hawajaisoma: Sheria ya Ulinzi wa Data. Kwa lugha rahisi, inasema taarifa yoyote inayoweza kukutambulisha ni data yako, na uso wako ni mojawapo. Anayetaka kuitumia lazima awe na sababu ya kisheria, na mara nyingi sababu hiyo ni ridhaa yako. Akitaka kuitumia kibiashara, ridhaa inakuwa nzito zaidi. Na kama ni mtoto, mzazi au mlezi ndiye anayekubali, tena iwe kwa faida ya mtoto.

Watu walidhani ni karatasi tu. Mwisho wa 2022 Kamishna wa Data, Immaculate Kassait, alipiga kampuni ya simu ya Oppo Kenya faini ya milioni tano kwa kutumia picha ya mtu kwenye akaunti yao ya Instagram bila ridhaa yake. Septemba 2023 ikafika mitaani kwetu. Casa Vera Lounge, Ngong Road, ilipigwa faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja aliyekuwa amekuja kujivinjari. Roma School ya Uthiru ilipigwa 4,550,000 kwa kuposti picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi.

Soma tena hiyo ya Ngong Road. Mtu alienda klabu, mahali pamejaa watu, mpiga picha wa klabu akampiga, picha ikawekwa kutangaza biashara. Ukisikia "lakini alikuwa mahali pa watu", kumbuka kwamba hoja hiyo haikuwasaidia. Swali lilikuwa: uso wake unauza kitu chako, je, alikubali?

Hata kabla ya sheria hiyo, mwaka 2017, Mahakama Kuu ilikuwa imeeleza mambo matatu ya kuthibitisha kwenye kesi kama hizi: kwamba umetumia kitu kinachomtambulisha mtu, kwamba umekitumia kwa faida yako, na kwamba hakukubali. Nilijipima na hayo matatu. Uso wa mathe ulionekana wazi. Akaunti yangu inaniletea doo. Sikumuuliza. Tatu kwa tatu.

Hakuna aliyenishtaki. Mathe wa mayai hana muda wa kujaza fomu, na pengine hajui kwamba malalamiko kwa Kamishna ni bure na uchunguzi unapaswa kumalizika kwa siku 90. Ndiyo maana "hukuvunja sheria" ni maneno matamu. Mara nyingi yanamaanisha tu kwamba uliyemkosea hana nguvu ya kukufuata.

Lakini usiweke simu mfukoni

Sasa, kuna watu watasoma mpaka hapa waseme basi tuache kurekodi. Hapana, tafadhali.

Juni 2024 tulikuwa barabarani. Juni 25 watu waliuawa nje ya Bunge, na serikali na mashirika ya haki yakawa na hesabu tofauti, kama 1922. Tofauti ni kwamba safari hii kulikuwa na maelfu ya vidio. Mwaka uliofuata filamu ya BBC ilikusanya zaidi ya picha na vidio 5,000, nyingi zikiwa zimerekodiwa na watu wa kawaida, ikazipanga sekunde kwa sekunde mpaka ikaonyesha maafisa waliofyatua risasi. Na Juni 17, 2025, muuzaji wa barakoa alipopigwa risasi ya kichwa kwa karibu sana hapo tao, kamera zilikuwa zinarekodi. Alifariki wiki mbili baadaye, na afisa akafikishwa mahakamani kwa shtaka la mauaji. Bila ile vidio, tungeambiwa nini?

Hakuna sheria ya Kenya inayomkataza raia kurekodi polisi wakifanya kazi yao hadharani. Polisi ni mamlaka ya umma, yuko kazini, analipwa na kodi yako. Ukimzuia kufanya kazi ni kosa, kwa hivyo simama mbali kidogo. Lakini kukuamuru ufute, au kukunyang'anya simu kwa sababu tu umerekodi, Katiba haimpi hiyo nguvu. Kifungu cha 31 kinachomlinda mathe wa mayai ndicho kinacholinda simu yako isipekuliwe ovyo.

Na hata hapo, angalia nyuso. Ukiposti maandamano, wale waandamanaji walio nyuma ya karao wanaweza kutafutwa kesho kupitia vidio yako. Funika nyuso zao, weka ile asili mahali salama kama ushahidi. Usiwe gakunia bila kujua.

Mimi sasa nafanya hivi

Ya kumbukumbu yangu mwenyewe, ikikaa kwa simu, sheria hainigusi. Umati wa mtaa, magari, majengo, hakuna shida. Mtu mmoja ndiye kitovu cha vidio yangu? Nauliza. Ni mtoto? Nauliza mzazi, na mara nyingi naacha tu. Ninatangaza bidhaa? Ridhaa iwe ya maandishi, hata kama ni ujumbe wa WhatsApp. Mtu akiwa amelewa, ameumia, anavuliwa au anadhalilishwa, sirekodi ili kuchekesha. Nikirekodi ni kwa ajili ya ushahidi, na naupeleka kwake au kwa polisi, sio kwa mtandao. Picha za utupu usijaribu hata kidogo: sheria ya uhalifu wa mtandaoni ya 2018 ina faini ya hadi laki mbili au miaka miwili jela, au vyote. Na mwenye nguvu akiumiza asiye na nguvu, simu inabaki juu.

Nikiwa na shaka naangalia kitu kimoja tu: kati ya mimi na huyu aliye mbele ya kamera, nani ana nguvu zaidi? Kipande kilichukuliwa na wenye nguvu kwa wasio nayo. Gunia lilificha wenye nguvu. Vidio ya 2025 iliwafichua. Vidio yangu ilikuwa upande gani?

Wiki iliyopita nilirudi pale Archives. Ilinichukua siku tatu kumpata. Nilimsalimia, nikanunua mayai mawili, halafu nikamwambia, "Mathe, ni mimi nilikurekodi siku ile ya mvua. Naomba unisamehe."

Aliniangalia muda mrefu. Nilikuwa nimejitayarisha kutukanwa, hata kudaiwa pesa. Akaendelea kunimenyea yai, akaniwekea kachumbari, chumvi kidogo.

"Kijana wangu," akasema, "ulikuwa umesimama karibu hivyo?"

Nikasema ndiyo.

"Yale mayai yalikuwa ya deni. Nilikuwa natafuta mtu anishikie ndoo tu."

Sikuwa na jibu, na bado sina. Nimelipa lile deni, nimemuomba msamaha na bintiye, na kurasa tano nimeziandikia zitoe ile vidio. Mbili zimeitoa. Kama ukurasa wako ni mmoja wa zile tatu zilizobaki, unajua nilipo. Na kama unaiona popote, usiitume kwa mtu hata kwa kumwonyesha. Iripoti, halafu uniambie.